Mutoto Mwenye Kuangalia Kibambazi

Haki ya Mungu! Kama naongeza hata neno moja, ulimi yangu ikauke hapa hapa mu kinywa, bote muone! Bantu ya mutaa yetu, Hewa Bora, banajua miye. Banasema: huyu akikuambia mvua inanyesha, toka kwanza inje uangalie. Sawa, sikatai. Miye njo niliuaka nyoka tatu na fimbo moja. Miye njo nilitoshaka kamyo ya mahindi mu matope ya Kasomeno, peke yangu, na mabega yangu, chofere iko anakula ndizi. Bile mukisikia mupunguze, mupunguze hata nusu, sitakasirika. Lakini hii ya leo musiipunguze. Haina pa kupunguza.

Nilipokuwaka mutoto ya miaka munane, tulikuwa tunaikala Hewa Bora mu nyumba moja ya matofali, yenye mwenye kiwanja, mwenye parsele, alikataka mbili katikati. Upande moja, siye. Upande ingine, majirani. Katikati kibambazi moja tu, matofali ya kusimamisha kwa ubavu, nyembamba sana: muntu akipiga chafya kule, huku unamuambia pole. Papa yangu alikuwa anatumika mu treni, akienda kaskazini anaweza kukawia juma mbili. Mu nyumba tulikuwa tunabaki na mama, na Kambo, mama ya papa, mwenye alitokaka kule Kabalo na chungu yake na midomo yake yenye haikuogopa muntu. Tena kulikuwa Tonton Kasongo, mudogo ya papa. Yeye alikuwa analala kwa rafiki yake avenue ya pili, lakini kula alikuwa anakula kwetu.

Nyuma ya kibambazi kulikuwa Mama Kavira na bwana yake. Balitokaka Kivu. Bwana alikuwa na kamyo, anapakia bintu ku barabara ya Kasenga, na yeye pia alikuwa muntu ya kukosa-kosa mu nyumba. Mama Kavira hakuwa na mutoto. Alikuwa muke murefu, kimya, anakusalimia na kichwa tu. Ku mukono yake ya kushoto alikuwa na bangili ya shaba, nene, yenye kung'aa. Mukumbuke hii bangili. Miye sitaisahau hata banizike.

Ile mwaka, mu mwezi ya baridi, mama akazaa. Katoto kabinti. Bakamuita Adolphine, lakini siye tulikuwa tunasema Dofi, sababu jina ilikuwa refu kushinda yeye mwenyewe. Alikuwa kadogo vile kasamaki ya kukausha, lakini na macho! Macho ya muntu mukubwa mwenye kuja kudai kitu.

Mara ya kwanza hatukuona kitu. Mutoto anakunywa, analala, analia. Kisha mama akaanza kuona: Dofi iko anaangalia upande moja tu. Kitanda ya mama ilikuwa ya kuegemea ku kibambazi, na Dofi alikuwa analala chali, kibambazi iko kwa mukono yake ya kuume. Basi yeye, kuume. Kila saa kuume. Kakichwa kanakwenda ku kibambazi na kanabaki pale. Mama anakamata kakichwa polepole, anageuza. Unahesabu moja, mbili, tatu, na kanarudi, sawa mulango ya bawaba mbaya. Nyonyo ya upande moja anakamata, ya upande ingine anakataa. Hata ku mugongo, mu kitenge, analalia shavu moja tu. Kisha juma mingi kidogo, kichwa nyuma, kule upande ya kuume, ikaanza kukuwa sawa, yaani sawa kabisa, unaweza kuweka pale kikombe ya chai na chai haimwangike.

Mama akamupeleka ku maternite, kule alimuzaliaka. Muuguzi akaangalia, hata hakukaa chini. Akasema, "Batoto mingi banapendaka upande moja. Mumugeuze-geuze. Itapita." Mama akarudi na roho kidogo chini.

Lakini Kambo alikuwa pa mbabula ya moto, anageuza bukari, ile ugali. Hakuacha mwiko. Akasema, "Hakuna kazi ya bure ku mutoto mudogo. Kama anaangalia mahali moja, iko mwenye kumwita pale. Siye bakubwa masikio yetu ilizibaka. Yeye bado."

"Maman, usiseme vile," mama akasema.

"Miye nasema vile nilionaka. Nilizaaka binti mbele bwana yako azaliwe. Yeye alikuwa anaangalia mulango. Kila siku mulango. Tukacheka, tukasema huyu atakuwa muntu ya safari." Mwiko ikasimama mu chungu. "Mbele meno ya kwanza itoke, mulango ikafunguka, akaenda."

Miye nilikuwa ninakaa chini pale na sahani. Tangu ile siku nikaanza kuangalia kinywa ya Dofi kila asubuhi kama jino haijakuya, sababu nilisikia vizuri: mbele ya meno. Na Kambo akaweka sheria: muntu asisimame katikati ya mutoto na kibambazi. Asipite pale. Hata bulanketi asiitundike pale. Miye hata kivuli yangu nilikuwa ninaikunja.

Sasa sikiliza vizuri. Kila siku kisha kula, mama na Kambo banaenda ku robine ya maji kupanga mistari na mabeseni, na miye ninabaki kuchunga Dofi. Saa munane ya mchana. Jua ku mabati, kak, kak, kak. Avenue yote inalala. Banasema woga ni ya usiku. Bongo, si kweli! Usiku bantu banalala pamoja, unasikia papa anakoroma. Woga ya kweli ni ile ya saa munane, uko peke yako na katoto yenye kuangalia kibambazi, na kanacheka.

Eh! Kalicheka. Kinywa wazi, bila jino hata moja, kanachekea matofali. Nikaangalia pale anaangalia: chokaa, na alama ya mafuta ya taa, basi. Kisha nikasikia.

"Mmm... mmm... mmm..."

Pole pole. Ndani ya kibambazi. Haikuwa juu, haikuwa chini, ilikuwa ndani. Nywele ya kichwa yangu ikasimama moja moja, na ya mukono, na hata ile yenye ilikuwa bado kuota. Nikakimbia. Niliacha mutoto peke yake ku kitanda, nikaruka mulango, nikaruka mbabula, nikajikuta mu avenue miguu bila viatu. Niliacha mutoto. Hii pia muijue, naisema.

Pale inje kulikuwa rafiki yangu Moke na batoto bengine banapiga mupira ya mifuko. Nikabaambia: kibambazi yetu inaimba.

Moke akasema, "Ni panya."

"Si panya!"

"Basi panya yenu ilibatizwa, inaimba mu kwaya!" Na bote bakalala chini na kucheka. "Ee, kuya muone huyu! Panya inamuimbia alale! Lala katoto, lala!"

Hapa njo fasi yenye ulimi yangu ilianza kutumika peke yake. Nikasema, "Si sauti tu. Mukono ilitoka."

"Mukono ya nini?"

"Ya muntu. Mu kibambazi. Ikashika kichwa ya Dofi, ikaivuta." Nikaonyesha vile.

Bakapunguza kucheka, lakini Moke alikuwa mutoto mubaya, alikuwa anataka vipimo. "Mukono ya nani? Kila mukono iko na mwenyewe."

Miye sikufikiri. Haki, sikufikiri hata kidogo. Nikasema, "Ilikuwa na bangili ya shaba."

Hakuna mwenye alicheka. Mupira ikajiendea yenyewe mpaka mu mufereji na hakuna mwenye aliifuata. Bote bakaangalia mulango ya Mama Kavira. Na miye, nitasema kweli mbele ya Mungu: nilipenda ile kimya. Mu maisha yangu yote hakuna bantu balinisikiliza vile.

Mangaribi hadisi ilikuwa imefika mwisho ya avenue. Kesho yake ikarudi, lakini haikurudi sawa vile niliituma. Sasa mukono ilikuwa mbili. Sasa ilikuwa na makucha. Sasa kulikuwa muntu mwenye aliona Mama Kavira mwenyewe anatoka mu kibambazi nusu, sawa muntu mwenye kutoka mu bulanketi. Miye nikasikia hadisi yangu na ikanitisha miye mwenyewe.

Siku ya tatu, ku robine, Mama Kavira akafika na beseni yake. Bamama bote bakavuta beseni zabo pembeni, kraa, kraa, ku simiti. Nilikuwa pale. Akasimama peke yake na robine, maji inamwangika, hajue kama akinge ao asikinge. Akakuya kwa mama yangu, akasema na ile Kiswahili yake ya Kivu, "Jirani, nimewakosea nini? Nikikosa, mniambie." Mama akaangalia vidole ya miguu yake. Ile jioni muntu akamwanga majivu ku mulango yake. Na bwana yake hakuwa. Kamyo ilikuwa imeharibika Kasomeno, sijue ni moteri ao nini.

Tonton Kasongo akakuya na uso ya kufunga. Akasema, "Dimanshi, siku ya Mungu, kisha misa, tutamutosha. Na bintu yake yote, mu barabara. Mutoto ya kaka yangu hatakufa sababu ya muke ya kuja."

Miye nilijua "kutosha" maana yake ni nini. Mwaka ya kupita, avenue ya chini, balitoshaka muzee moja mwenye banasema ni muloji. Balianza na bintu yake. Halafu bakafika ku mabati. Halafu ku yeye. Niliona shati yake ku majani kisha siku mingi, hakuna muntu alitaka kuiokota.

Kambo akaniita nyuma ya nyumba.

"Uliona mukono?"

"Ndiyo, Kambo."

"Vidole ngapi?"

"Sita."

"Mama ya Moke anasema ulimuambia tatu."

"Ilikuwa imekunja ingine."

Akaniangalia mingi sana, ile kuangalia yenye kuingia mu jicho moja na kutokea mu ingine. Nilikuwa na nafasi pale. Kama ningesema, "Kambo, nilibeya, nilidanganya tu, hakuna mukono," ingeisha. Lakini ningesema nini kwa Moke? Vile njo nilifikiri! Muke ya bantu banaenda kumuvunja, na miye ninafikiri Moke atanicheka. Nikafunga kinywa. Usingizi ikanikimbia tangu ile siku mpaka Dimanshi.

Dimanshi. Jua kali. Tonton akakuya na banaume ine, bote na mashati ya misa, na moja na chuma ya kuchimbia. Bakasimama mu kiwanja. Mulango ya Mama Kavira ilikuwa imefungwa, lakini tulijua iko ndani, tulisikia kiti.

Kambo akatoka, akasimama mbele yabo. Yeye alikuwa mufupi, chuma ilikuwa murefu kumushinda.

"Mungoje," akasema. "Munataka kutosha muntu juu ya shingo ya mutoto. Tuulize kwanza shingo."

"Maman, hakuna kuuliza tena," Tonton akasema.

"Kasongo, miye nilikufuta mavi. Ngoja." Banaume bakaangalia chini, moja akakohoa. "Namna ya kujua iko. Tunamulaza Dofi kichwa kule miguu ilikuwa. Sasa kibambazi inakuya kwa kushoto yake. Akiangalia tena kuume, sawa siku zote, ataona mulango na hataona kibambazi. Basi ni shingo tu, ilizoea, na nyinyi munaenda kunywa bia yenu. Akigeuka kushoto kutafuta kibambazi..." Akaangalia ile chuma. "Shingo inafuata mukono yake ya kuume. Mwenye kuitwa anafuata sauti. Akigeuka kushoto, sitawazuia."

Hata leo sijasikia muntu mwenye kusoma anasema kitu ya akili sawa ile.

Tukaingia. Mama alikataa kuangalia, akabaki inje na kitenge ku kinywa. Tonton akasimama mu mulango, nusu ndani nusu inje. Kambo akasema miye niingie sababu niko shahidi. Nilikuwa na kopo yangu ya uji ya asubuhi mu mukono, na kijiko ndani; sikunywa hata funda moja, sikujua hata kama niko naishika. Nikasimama upande ya mulango.

Kambo akamubeba Dofi, akamugeuza, akamulaza. Kichwa katikati. Akatosha mikono yake.

Dofi akaangalia mabati. Hakupenda hii mambo. Midomo ikapinda, akaanza kulia, ile kilio ya kukata-kata ya batoto badogo.

Na mu kibambazi:

"Mmm... mmm... mmm..."

Mungu yangu. Ile saa njo nilielewa. Haikuwa mukono, haikuwa mufu, haikuwa kitu ya kutisha. Ilikuwa muntu anaimba. Mama Kavira alikuwa anaimba! Banaume ine bako ku mulango yake na chuma, anabasikia, anajua bamekuya juu yake, na yeye anasikia mutoto analia nyuma ya kibambazi, na anamuimbia. Ilimushinda kuacha.

Dofi akanyamaza. Puu. Macho wazi. Na kakichwa kakaanza kuondoka pale katikati. Kushoto. Kidole moja. Kidole mbili. Miye naona shavu yake inaanza kulala, na nyuma ya macho yangu naona ile shati mu majani.

Nikapiga kopo. Na kijiko, na nguvu yangu yote, ngwe! ngwe! ngwe! ngwe! Uji ikaruka mpaka ku paji ya uso ya Tonton. Dofi akashituka, mikono na miguu juu, na kakichwa kakazunguka, vraa, kuume. Akaniangalia miye. Mu macho.

"We mupumbavu!" Tonton akalia. "Unafanya nini?"

Lakini Kambo alikuwa tayari amesema, na sauti yenye kujaza kiwanja: "Kuume! Ameangalia kuume! Kasongo, umeona na macho yako mwenyewe. Ni shingo!"

"Maman, huyu mutoto amepiga kopo..."

"Amepiga juu ya woga! We na miaka munane ulikuwa unakojoa ukiona mbuzi!"

Inje, moja ya bale banaume akacheka. Halafu wa pili. Halafu ule mwenye chuma akasema, "Kasongo, mbuzi ya namna gani? Dume ao jike?" Na ikaisha. Haki, iliisha vile. Muntu akicheka, mukono yake haina nguvu tena ya kushika chuma. Bakaenda, banamusukuma Tonton mu mugongo, yeye anapanguza uji.

Kambo akafunga mulango. Akanikamata sikio. Mujue: Kambo alikuwa na masikio nzito, bote tulijua, kumuita kula ilikuwa lazima upige makelele. Akaniletea midomo karibu, akasema pole pole:

"Ile wimbo ni ya ku Kivu, ao?"

Basi yeye pia aliisikia.

"Mukono iko wapi?" akauliza.

"Hakuna mukono, Kambo."

"Bangili?"

"Hakuna."

"Sauti?"

"Sauti iko."

"Ndiyo," akasema. "Sauti iko." Akakaa ku kitanda, akamukumbata Dofi na mikono mbili. Sababu yeye aliona vile niliona. Mutoto alikuwa anageuka kushoto. Mutoto alikuwa anaitwa, vile alisemaka tangu mwanzo, na yeye alikuwa amedanganya banaume ine na mutoto yake mwenyewe, na sasa hakujua kama ameokoa muntu ao ameuza mujukuu yake. Mu maisha yangu sijaona muzee na woga vile. Nikalia. Akasema, "Nyamaza. Machozi haiko ya leo."

Akafunga Dofi ku mugongo. Akashika mukono yangu. Tukazunguka nyumba, tukapita majivu yenye bantu balimwanga, akapiga hodi ku Mama Kavira.

Akapiga tena. "Miye ni muzee na batoto mbili. Fungua."

Ndani ilikuwa giza na safi sana. Kitanda yake pia ilikuwa ya kuegemea ku ile kibambazi. Na ku chokaa, karibu na muto, kulikuwa alama ya mafuta, mviringo, ya kung'aa. Fasi ya kichwa. Fasi yenye muntu anaegemeza kichwa kila siku, kila siku, kusikiliza. Pembeni, ku kiti, nguo tatu ya mutoto mudogo, ya kukunja vizuri, yenye hakuna mutoto aliivaa.

Mama Kavira hakuangalia siye. Alikuwa anaangalia mugongo ya Kambo.

"Wangu alibaki Butembo," akasema. "Alibaki kule kwenye udongo. Tulikuja huku ili nisahau. Mama, akilia yule wenu, maziwa inanitoka." Akaweka mukono ku kifua, na kweli kitenge ilikuwa na maji. "Nikiimba ananyamaza. Sikujua kama ni vibaya. Naomba munisamehe."

Kambo akafungua kitenge.

"Mutoto habamwitake mu kibambazi," akasema. "Ukimwita mu kibambazi, yeye anapinda shingo, na weye banakukata yako. Kama unamwita, kuya umwite mu mulango."

Na akamupatia Dofi mu mikono.

Miye nilikuwa ninangoja mutoto akauke pale pale. Nilifunga jicho moja. Na ingine nikaona Dofi anaangalia uso ya ule muke, sawa, katikati, si kuume, si kushoto. Bangili ilikuwa karibu na pua yake. Akainyoshea kamukono.

Meno ikatoka, mbili, chini. Niliziona miye wa kwanza, na nikazunguka parsele yote na kulia makelele sawa muntu mwenye ameona nyumba ya mufalme. Mama Kavira alikuwa anakuya kila siku kisha kula, mu mulango, mbele ya bote, na anamushikilia mama mutoto. Bantu bakaona, bakachoka kusema. Kambo akasukuma kitanda ya mama ku kibambazi ingine. Kwa mama alisema ni juu ya baridi.

Leo Dofi iko muke mukubwa, iko na nyumba na shamba ya muhogo kule Annexe, na akivua peruki, zile nywele ya kununua, nyuma ya sikio ya kuume fasi ile ya kikombe iko angali sawa mpaka leo. Anasema alianguka. Sijamuambia. Miye niko na bajukuu. Wa mwisho, katoto ka binti yangu, kalianza pia na upande moja. Binti akasema, "Papa, ku maternite banasema tumugeuze tu." Nikasema, ndiyo, mufuate muuguzi, anasema kweli. Nikasaidia kugeuza kitanda na mikono yangu mwenyewe. Lakini kisha nilitoka inje, nikazunguka nyumba, nikaenda kuona ni nani anaikala nyuma ya ukuta, na kama iko mwenye kulia pale. Kulikuwa duka ya makala ya kupikia. Nikasalimia, nikarudi.

Bantu banazani niliogopaka kibambazi. Kibambazi haikufanya kitu. Miye nasimulia nyoka tatu na kamyo, ni sababu ndani yabo hakuna muntu mwenye anaweza kuumia. Tangu ile Dimanshi sijaongeza kitu ku hadisi yenye iko na muntu ndani, na kama muko na mwenye kusema niliongeza, akuye anionyeshe.

Kambo alikufaka bila kuambia muntu. Tonton iko angali muzima, na chuma iko angali nyuma ya mulango yake. Mama Kavira pia iko muzima, muzee sasa, anaikala ile ile avenue, na bangili. Majirani yake ni bapya, habajue kitu, na banazaa.

Sasa nawaomba, na nawaomba na magoti: hii hadisi ibaki hapa tulipokaa. Usiiambie bibi yako, usiiambie rafiki, hata ule mwenye hajue kusema. Miye naijua hii njia, niliipitaka. Ikitoka hapa leo na muntu mwenye anaimba, kesho itarudi na mukono.